Ninaapa kodi yangu inatuma POST moja. Kwa nini seva inapokea mbili?

Mwana_Birere (Goma) · Jumatatu 20:41

Jambo bakubwa. Nina programu ya Java niliyoiandikia shule moja hapa Goma, ya kupokea minerivali (ada za shule) kwa pesa za simu. Mzazi anatoa namba, mhasibu anabonyeza "Lipisha", ombi (ni POST, aina ya ombi la HTTP la kupeleka data kwa seva) linakwenda kwa kampuni ya pesa za simu, jibu linarudi, risiti inatoka. Mwezi mzima hakuna aliyelalamika.

Sasa ni wiki mbili kuna wazazi wanakatwa mara mbili. Ijumaa mama mmoja wa Ndosho alifika na simu mkononi. Ujumbe wa kwanza dola 45, ujumbe wa pili dola 45. Aliiweka simu juu ya meza ya mhasibu bila kusema neno. Mhasibu naye bila kusema neno akanigeukia mimi.

Kodi yenyewe ni hii:

```
HttpURLConnection c = (HttpURLConnection) url.openConnection();
c.setRequestMethod("POST");
c.setDoOutput(true);
logi("natuma " + namba);
c.getOutputStream().write(mwili.getBytes());
int hali = c.getResponseCode();
```

Hakuna kitanzi cha kurudia. Logi yangu (daftari la matukio la programu) inaonyesha "natuma" mara moja. Kampuni wanasema wamepokea mara mbili. Mmoja wetu anadanganya.

Sambaza_Kavu (Bukavu) · Jumatatu 20:55

Mhasibu anabonyeza mara mbili. Tufunge uzi, tukalale.

Mwana_Birere · Jumatatu 20:58

Kitufe kinazimika akishabonyeza. Na angebonyeza mara mbili logi ingeandika "natuma" mara mbili. Soma kwanza, kaka.

Fundi_wa_Kadutu (Bukavu) · Jumatatu 21:20

Mdogo wangu, kabla ya kumtafuta mwongo, hiyo mistari sita ina madeni yake.

Hujaweka muda wa kusubiri. HttpURLConnection (sehemu ya Java inayotuma maombi ya HTTP) usipoiambia chochote, muda wake ni sifuri, na sifuri maana yake ni milele. Mimi nilijifunza hilo kwenye duka moja la dawa: programu ilituma ombi saa moja jioni, asubuhi saa mbili bado inasubiri jibu, na mashini imewaka usiku kucha kwa mafuta ya jenereta. Mwenye duka alinionyesha kidumu kitupu. setConnectTimeout na setReadTimeout zipo tangu Java 5, yaani 2004. Hatuna la kujitetea.

Pili, ukipata jibu la namba 400 na kupanda (yaani kosa), getInputStream inakurushia IOException na maneno ya seva yanabaki ndani. Yanasomwa kwa getErrorStream, na hiyo nayo inaweza kurudi null kama seva haikuandika kitu. Wengi wanaona hitilafu ikirushwa wanadhani mtandao umekatika, kumbe seva iliwajibu vizuri kabisa: "namba ya simu ina tarakimu pungufu".

La getBytes() bila UTF-8 (namna ya kugeuza herufi kuwa baiti) nitarudi nalo kesho, umeme umeondoka.

Tomson_na_Bukari (Lubumbashi) · Jumatatu 21:34

Jambo kutoka L'shi. Ninyi wa ziwa mnapenda kuzunguka. Mwongo ni Java yenyewe.

HttpURLConnection ina tabia ya kurudia POST kimya kimya. Kuna kitu kinaitwa sun.net.http.retryPost, na bila kuguswa kiko true. Ombi likifeli, Java inalituma tena, haikuulizi, haikuambii. Logi yako iko juu ya mlango, yeye anatokea dirishani. Anzisha programu na `-Dsun.net.http.retryPost=false`, halafu uniletee sambaza, dagaa wa ziwa lenu.

Mwana_Birere · Jumatatu 21:36

Unatania.

Tomson_na_Bukari · Jumatatu 21:37

Mimi natania kuhusu mpira tu.

Yaya_Mtulivu (Bukavu) · Jumatatu 22:05

Tomson hatanii, ila amepitiliza. "Ombi likifeli" ni pana mno. Nilikaa na msimbo wa OpenJDK (Java iliyo wazi kwa wote kuisoma) wikendi nzima kwa kesi kama hii. Java inarudia mara moja tu, na ni pale muunganisho unapokatika kabla jibu halijafika, au jibu likija si HTTP ya kueleweka. Muda wa kusubiri ukiisha hairudii, inakurushia SocketTimeoutException na kufunga soketi. Seva ikijibu 500 (kosa la ndani la seva) hairudii pia, kwa sababu 500 ni jibu kama majibu mengine. Na kama ungetumia setFixedLengthStreamingMode isingerudia kabisa, maana mwili wa ombi haijaushika, imeshaumwaga wote kwenye waya.

Kwa hiyo swali langu kwa Mwana_Birere: kati ya malipo ya kwanza na ya pili zinapita sekunde ngapi?

Mwana_Birere · Jumanne 08:12

Aksanti yaya. Nimeomba orodha kwao usiku. Jozi ziko 9.

Jozi 6: tofauti ni sekunde 60 au 61.
Jozi 2: tofauti haifiki sekunde moja.
Jozi 1: tofauti ni saa nzima, dakika na sekunde zilezile.

Na kwenye logi yangu zote 9 zimerudi na 200 (yaani imefaulu).

Sambaza_Kavu · Jumanne 08:20

Hizo mbili za chini ya sekunde ni mhasibu. Sibadilishi.

Pwani_ya_Himbi (Goma) · Jumanne 08:47

Sekunde 60 ninazijua. Nginx (programu inayopokea maombi na kuyagawia seva) ikiwa mbele ya seva inasubiri sekunde 60 isipopangwa vingine, halafu inachoka na kumpelekea ombi seva mwingine aliye nyuma. Wana seva mbili nyuma, kila moja ikakata dola 45. Java haina kosa.

Fundi_wa_Kadutu · Jumanne 09:30

Zamani ndiyo. Tangu nginx 1.9.13, POST ikishapelekwa kwa seva wa kwanza haihamishiwi kwa wa pili, mpaka mtu aruhusu hivyo kwa mkono wake. Ikichoka inakurudishia 504 (seva wa nyuma amechelewa).

Pwani_ya_Himbi · Jumanne 09:33

Na una hakika hakuna mtu aliyeruhusu kwa mkono wake?

Fundi_wa_Kadutu · Jumanne 09:34

Hapa kwetu? Hapana, sina hakika.

Yaya_Mtulivu · Jumanne 10:15

Tuunganishe. Hakuweka muda wa kusubiri, kwa hiyo programu yake haichoki. Katikati kuna kifaa kinachochoka kwa sekunde 60. Kingekuwa kinajibu 504, logi ingekuwa na 504. Haina. Basi kinakata muunganisho bila salamu. Java inaona waya umekatika, hakuna jibu, inatuma tena. Safari hii seva inajibu haraka, 200, logi inafurahi. Jozi sita zimeeleweka.

Hizo za chini ya sekunde moja ndizo siridhiki nazo. Mtu atasema ni muunganisho wa zamani uliohifadhiwa, seva ameshaufunga, Java inautumia, inagundua, inarudia. Sawa, lakini seva aliyeufunga muunganisho hakulisoma ombi la kwanza. Asiyelisoma anakataje dola 45?

Tomson_na_Bukari · Jumanne 10:22

Anaweza kulisoma kisha akafa kabla ya kujibu. Batu banakufa, seva isife?

Mulamba_Kinshasa (Kinshasa, ila mtoto wa Katuba) · Jumanne 11:02

Jozi ya saa nzima hamuigusi kwa sababu hamjaishi Kinshasa. Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko UTC+2. Kinshasa ni UTC+1. Malipo ni moja, yameandikwa na mashini mbili, moja inatumia Africa/Lubumbashi na nyingine Africa/Kinshasa, aliyetengeneza orodha akayabandika pamoja. Mwulize huyo mzazi kama kweli alikatwa mara mbili. Ninaweka bia.

Tena kichwa cha Date kwenye jibu la HTTP siku zote ni GMT. Ukihifadhi hicho pamoja na saa yako, ugomvi wa namna hii unaisha.

Mwana_Birere · Jumanne 11:40

Nimempigia. Alikatwa mara moja. Mulamba, bia utainywa ukifika.

Sambaza_Kavu · Jumanne 11:44

Mashahidi wamebaki wanane.

Mlinzi_wa_Saa (Bukavu) · Jumanne 12:30

Kwa kuwa saa imetajwa. Kuna mashini ya duka Nyawera ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa. Umeme ukikatika, ukirudi mashini inaamini ni miaka ya nyuma kabisa. Basi kila ombi la HTTPS linaangushwa na CertificateNotYetValidException: cheti "bado hakijaanza" kutumika. Fundi aliyenitangulia, badala ya kununua betri, aliandika kodi ya kukubali cheti chochote duniani. Ikafanya kazi. Miezi baadaye mega (kifurushi cha intaneti) zilikwisha, mtandao ukawa unarudisha ukurasa wake wa "nunua mega" kwa kila ombi. Programu ikaupokea, ikaona 200, ikatoa risiti. Siku nzima ya risiti, pesa hakuna.

Kwa hiyo 200 peke yake usiiamini. Angalia Content-Type (aina ya kilichomo) kabla ya kusoma mwili. Ukisubiri JSON (data ya programu) na ikaja text/html (ukurasa wa wavuti), kataa. Na kama hukuzima ukaguzi wa vyeti, ukurasa wa namna hiyo hauwezi hata kuingia kwenye HTTPS.

Pwani_ya_Himbi · Jumanne 12:41

Nina kodi ya kukubali cheti chochote mahali fulani. Sisemi wapi.

Mlinzi_wa_Saa · Jumanne 12:43

Nunua betri, kaka.

Mwalimu_Kasapa (Lubumbashi) · Jumanne 14:10

Samahani naingia pembeni. Mnasema "kodi" mpaka ninafikiri mtu wa ushuru amefika. Si tuseme "msimbo"? Na "ombi" na "jibu" ni maneno mazuri, darasani wanafunzi bado wananiambia "rekete" na "reponsi".

Tomson_na_Bukari · Jumanne 14:13

Prof, "uzi" hapa ni huu tunaobishania, na kwenye Java ni ule wa Thread. Ukirekebisha moja, rekebisha zote.

Fundi_wa_Kadutu · Jumanne 16:50

Umeme umerudi. La getBytes(): kabla ya Java 18, bila kutaja, inachukua mpango wa herufi wa mashini. Windows ya Kifaransa inachukua windows-1252, seva inasubiri UTF-8. Mtoto anaitwa Félicité, "é" inafika ikiwa baiti moja isiyo na maana, upande wa pili wanaona almasi yenye alama ya kuuliza. Kuanzia Java 18 kawaida ni UTF-8, lakini shule hiyo inaendesha Java gani? Na ukipanga Content-Length mwenyewe, hesabu baiti, usihesabu herufi: "Félicité" ni herufi 8, baiti 10.

Mwana_Birere · Jumanne 17:02

Java 8. Msicheke.

Sambaza_Kavu · Jumanne 17:02

Tumechelewa.

Yaya_Mtulivu · Jumanne 19:25

Ninaona tunamsaka mwenye kosa na kumsahau mama wa Ndosho. Hata ukizima retryPost, waya utakatika tena, tuko Kivu. POST ikienda na jibu lisirudi, hujui kama pesa imekatwa. Java haijui, mimi sijui. Ukirudia, unaweza kukata mara mbili. Usiporudia, unaweza kumfukuza aliyelipa.

Jikoni ninawaeleza wadogo zangu hivi. "Sombe iwe na vijiko viwili vya chumvi": sema mara kumi, sombe ni ileile, kwa sababu anayepika anaangalia kwanza. Hiyo ni PUT. "Ongeza kijiko": sema mara kumi, mwaga sufuria. Hiyo ni POST. GET, PUT na DELETE zinaruhusiwa kurudiwa kwa kanuni ya HTTP yenyewe, POST hapana.

Dawa ni kuipa POST namba ambayo seva anaikumbuka. Ikija mara ya pili na namba ileile, asikate, arudishe jibu la mwanzo. Kampuni nyingi za malipo zinakubali, soma maelezo yao:

```
HttpRequest ombi = HttpRequest.newBuilder(URI.create(anwani))
    .timeout(Duration.ofSeconds(40))
    .header("Idempotency-Key", namba)
    .header("Content-Type", "application/json; charset=utf-8")
    .POST(HttpRequest.BodyPublishers.ofString(mwili))
    .build();
HttpResponse<String> jibu =
    klienti.send(ombi, HttpResponse.BodyHandlers.ofString());
```

Hii ni HttpClient mpya, inahitaji Java 11. Haikurushii hitilafu kwa 404 wala 500, inakupa jibu, wewe ndiye unayeuliza statusCode(). Aliyezoea ile ya zamani anasahau, anachukua ujumbe wa kosa anautoa kama risiti. Na haifuati 302 (jibu la "nenda anwani nyingine") mpaka uiambie.

Pwani_ya_Himbi · Jumanne 19:48

Yaya, niungame na hili. Niliweka namba hiyo, wateja wakaendelea kukatwa mara mbili. Wiki tatu. Kumbe UUID.randomUUID() ilikuwa ndani ya kitanzi, kila jaribio linazaliwa na namba yake.

Yaya_Mtulivu · Jumanne 19:55

Tena iandike kwenye hifadhidata kabla ya kutuma. Umeme ukikatika katikati, programu ikiamka ikute namba ya zamani.

Mlinzi_wa_Saa · Jumanne 20:30

Nyongeza mbili kuhusu HttpClient. Tengeneza klienti mmoja, mtumie programu nzima. Nimeona mtu anayetengeneza mpya kwa kila ombi, kila mmoja na uzi wake wa ndani, jioni mashini inapumua kama chukudu linalopanda mlima. Kufungwa kwa close() kumekuja Java 21 tu.

Ya pili: inaanza kwa kutaka HTTP/2. Kwenye http ya kawaida isiyo na usalama inaongeza kichwa cha Upgrade: h2c (kuomba kuhamia HTTP/2), na seva moja mzee niliyokutana naye alikuwa akikiona anakata simu. Niliweka version(HttpClient.Version.HTTP_1_1), akatulia.

Tomson_na_Bukari · Jumanne 20:37

Anakata simu! Anakata muunganisho bila jibu! Na ile ya zamani ikikatwa inafanya nini? Inarudia. Nadai sambaza zangu.

Mwana_Birere · Ijumaa 18:20

Narudi na habari, bakubwa.

Jumatano nilizima retryPost. Mwanzo nilitumia System.setProperty katikati ya programu, haikusaidia kitu, kwa sababu Java inaisoma mara moja tu mwanzoni. Nikaiweka kwenye mstari wa kuanzisha. Alhamisi nikapata hii mara tatu, kila moja sekunde 60 baada ya kutuma:

```
java.net.SocketException: Unexpected end of file from server
```

Wazazi hao watatu nimewapigia. Kila mmoja amekatwa mara moja tu. Yaya na Tomson, nawainamia. Java 17 tunaiweka Jumatatu, na namba ya yaya pamoja nayo. Kampuni wanakubali namba hiyo, iko ukurasa wa 31 wa maelezo yao, nilikuwa sijafika. Mama wa Ndosho amerudishiwa 45 zake, amezihesabu mbele yangu mara mbili.

Lakini leo asubuhi imekuja jozi nyingine ya chini ya sekunde moja. retryPost imezimwa. Logi yangu, "natuma" mara moja.

Sambaza_Kavu · Ijumaa 18:22

Mhasibu.

Pwani_ya_Himbi · Ijumaa 18:24

Seva mbili nyuma ya nginx.

Mulamba_Kinshasa · Ijumaa 18:31

Mpigie mzazi kwanza.

Mwana_Birere · Ijumaa 18:40

Nimempigia. Amekatwa mara mbili.

Fundi_wa_Kadutu · Ijumaa 18:52

Hiyo programu iko kwenye kompyuta ngapi pale shuleni?

Mwana_Birere · Ijumaa 18:53

Moja. Ya mhasibu.

Mwana_Birere · Ijumaa 19:07

Ngoja. Mkurugenzi alinunua laptopu mwezi uliopita.